Mashine Iliyoambiwa Tuko Baharini

Siku uvumilivu wangu ulipokwisha nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mazoezi ya viungo, hospitali ya misheni, mguu wa kushoto nimeunyoosha mbele yangu kama gogo la kuni. Zamu yangu ilikuwa bado. Kushoto kwangu alikaa bibi aliyevunjika nyonga, kulia mama mwenye mtoto wa miguu iliyopinda. Ulikuwa msimu wa senene, na nusu ya foleni ilikuwa inatafuna.

Akaingia msimamizi wetu wa kazi za ziwani. Sisi tulimwita Injinia. Alikuja na soda, akazigawa kwa foleni nzima kama mtu wa harusi. Nyuma yake alitembea Shabani, mzamiaji mwenzangu, mtu wa Pangani, ambaye kwa kawaida mdomo wake haufungwi hata akiwa anakula. Siku hiyo alikuwa kimya, ameshika bega la kulia kwa mkono wa kushoto.

"Mama Asimwe, naona umenawiri," Injinia akaniambia.

"Shabani ana nini?"

"Baridi tu. Maji ya huku kwenu ni barafu. Achomwe sindano, mchana arudi kazini." Kisha akaigeukia foleni. "Huyu mama mnamjua? Mzamiaji wetu. Mchapakazi kweli. Ila akina mama ndivyo walivyo, hawezi kulala mbali na mtoto. Kila siku anapanda kwenda kunyonyesha. Ndiyo yakamkuta haya."

"Pole, waitu, mwanangu," bibi wa nyonga akaniambia.

Maneno hayo ya kunyonyesha nilikuwa nimeyasikia tangu mvua za masika zilipokoma. Nilikuwa nimeyameza yote. Hata siku hiyo ningeyameza, lakini Shabani akainua mkono kujifuta jasho, mkono wa shati ukashuka, nikaiona mashine. Kompyuta ya kuzamia, ile nyeusi, pana kama kifuniko cha chupa ya jemu. Nikavuta mkono wake nikaangalia kioo. Kwenye kona ya kioo panatakiwa kuwa na picha ndogo ya mlima. Hapakuwa na kitu.

Nikasimama.

"Mlima uko wapi?"

"Mlima gani tena, mama," akasema Injinia.

"Wa kwenye mashine. Uliufuta kwangu, mimi sasa natembea kama bata. Umeufuta na kwa huyu."

"Punguza sauti. Hapa ni hospitali."

"Sipunguzi. Wewe ndiye hujui hapa ni wapi."

Nikamshika Shabani mkono mzima, nikapita naye mbele ya foleni yote, nikasukuma mlango wa daktari bila kubisha. Nikamwambia daktari: huyu ni kama mimi, alikuwa majini, usimchome sindano ya baridi, mpe oksijeni. Daktari hakuuliza mara mbili. Alipokwisha kumfunika Shabani ile barakoa ya hewa ndipo akaniangalia miguuni na kuniuliza fimbo yangu iko wapi. Fimbo ilikuwa imebaki kwenye benchi. Nilikuwa nimetembea ukumbi mzima bila fimbo, kwa hasira.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaozamia kwenye vizimba vya samaki, kwenye mabomba ya maji, kwenye meli zilizozama, popote penye maziwa yetu ya huku juu. Elimu yangu ni kidato cha nne. Sitawafundisha udaktari. Nitasema yaliyonipata mwilini na nyumbani kwangu.

Mimi ni mtoto wa Nyakatuntu, Kyerwa. Nilijifunza kuzamia baada ya shule, kwa mjomba wangu aliyekuwa anakagua nyavu za vizimba Ziwa Viktoria. Kazi ile ni ya kina kidogo: unashuka, unatafuta wavu uliotoboka, unashona, unatoka. Mjomba hakuwa na kompyuta yoyote, alikuwa na akili na kamba. Wanaume watatu waliokuja kujifunza pamoja nami waliacha. Mimi sikuacha. Chini ya maji kuna kimya ambacho kwenye nyumba ya watoto tisa sikuwahi kukipata, na mikono yangu hushona nyavu gizani vizuri kuliko mchana. Sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa hodari.

Nikaolewa Nyaishozi, kwa Deusdedit, mkulima wa kahawa na migomba. Tukampata Asimwe. Mtoto alipoanza kukaa, kampuni ikaja wilayani kuweka mabomba ya kuvuta maji kutoka ziwani na kuyapandisha vijijini. Kila mtu aliyafurahia hayo maji. Ukiishi mgongoni mwa kilima, maji unayaona bondeni yanang'aa, na kuyafuata ni shingo na goti. Kampuni ilitafuta wazamiaji wa kufunga mabomba kule chini. Nikaenda. Injinia akacheka kidogo, akanipa mtungi, nikashuka, nikafunga kiungo cha bomba kilichomshinda mtu wake. Akaacha kucheka.

Kule tulizama kina kirefu kuliko vizimba, na mara kadhaa kwa siku, ndiyo maana tukapewa kompyuta. Unaivaa mkononi, inajua kina chako na muda uliokaa, inakwambia sasa panda, sasa simama hapo kwanza upumue. Lakini mashine ya namna ile haijui yenyewe iko wapi duniani. Mtu ndiye anaiambia: tuko usawa wa bahari, au tuko kwenye mwinuko. Kwenye mwinuko hewa ni nyepesi, na mwili uliotoka majini unahitaji muda zaidi wa kuitoa kwa pumzi ile hewa iliyoingia kwenye damu. Ukiiambia uko juu, inaweka kilima kidogo kwenye kona na inakupa muda mfupi chini. Mtu wa stoo aliyetuletea alikuwa ameshaiweka kilima.

Siku ya kwanza ikalia mapema. Nikapanda. Injinia akaniuliza mbona haraka, nikamwonyesha. Akaikodolea macho.

"Imechanganyikiwa. Inafikiri tuko Kilimanjaro."

Wavuvi wawili walikuwa wanatengeneza mtumbwi pembeni. Akawauliza, "Wazee, hapa ni mlimani?"

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyundo. "Hapa? Hapa ni bondeni, bwana. Mlima ni kule," akaonyesha juu, Nyaishozi, ambako moshi wa majiko ulikuwa unapanda.

Na mimi nilicheka. Nani asingecheka? Kwetu bonde ni bonde. Toka utotoni ukisema unakwenda ziwani unasema unashuka. Hakuna mtu wa Karagwe anayeamka asubuhi akasema naishi mwinukoni. Kumbe bonde letu lenyewe liko zaidi ya kilomita moja juu ya bahari, na sisi wa Nyaishozi tuko juu ya hapo tena. Mvuvi hana kosa kutojua hilo, wala mimi. Mwenye kazi ya kujua alikuwa mmoja, na ndiye aliyebonyeza kitufe mpaka kilima kikapotea.

"Sasa imepata akili," akasema, akanirudishia.

Kazi ikaenda kasi. Kila jioni wenzangu walilala kambini ziwani, mimi nilipanda pikipiki kwenda nyumbani maana maziwa yalikuwa yananivuja. Niliomba ruhusa. Injinia mwenyewe alinipungia mkono: nenda mama, kanyonyeshe. Mara nyingine nilifika nyumbani ngozi inawasha, goti linauma, nikadhani ni uchovu. Mama mkwe wangu alinikanda kwa maji ya moto, akanung'unika kwamba ziwa lina wenyewe na halitaki mwanamke wa kulichokonoa.

Ile siku yenyewe tulikaa chini sana. Kiungo cha mwisho cha siku hiyo kilikataa kufunga. Mashine haikulia, nami niliiamini. Nilipotoka, bega liliniuma kama jino. Nikapanda pikipiki. Kadiri tulivyokata kona za kilima, maumivu yalihama, yakashuka mgongoni, yakanifunga kiuno kama mkanda. Tulipofika sokoni Nyaishozi nilitaka kushuka, nikaamuru mguu ushuke, haukushuka. Dereva akasema, "Mama, tumefika." Nikamwambia najua tumefika, mguu ndio haujafika. Tukacheka wote. Kisha nikaanguka.

Asubuhi yake majirani walikuja na engozi, machela yetu ya kubebea wagonjwa. Kwetu huko, mgonjwa ni wa wote. Asiyekuja kubeba, na yeye hatabebwa. Wanaume walipokezana bega kwa bega, wakanipandisha kutoka kwenye kibanja chetu cha migomba kwenda zahanati iliyoko kileleni kabisa, wakiimba wimbo wa kanisani ili nisiogope. Kila hatua waliyopanda ilinizidishia. Nilipiga kelele wanishushe. Deus akawa anasema, "Vumilia mke wangu, tunakaribia." Watu wale walinipenda kwa nguvu zao zote, na kwa upendo huo walikuwa wananipeleka juu, mahali pekee ambapo sikutakiwa kwenda. Siwalaumu. Hata leo akiumwa mmoja wao, Deus atatoa bega.

Zahanati wakanipima malaria. Hakuna. Wakanipa dawa ya malaria. Kisha hospitali, kwenye benchi refu la wagonjwa wa nje, Deus amenishika nisidondoke, Asimwe analia mgongoni kwa bibi yake. Wakapima taifodi. Wakauliza kama nilijifungua salama. Wakauliza kama mume ananipiga. Mhudumu mmoja akasema ni hofu, wanawake wanaojifungua wanakuwa na hofu. Mkojo haukutoka tangu jana yake, tumbo limevimba kama nina mimba nyingine, na mtu ananiambia ni hofu.

Akaja daktari wa kike, kijana kuliko mimi pengine. Akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Unafanya kazi gani?"

"Nazamia."

Akaacha kuandika. "Unazamia wapi? Baharini?"

"Hapo ziwani, bondeni."

Akafunga macho kidogo kama anayehesabu. Kisha akaanza kuita watu. Wakanipa oksijeni, wakaniwekea mpira wa mkojo, na aibu yangu yote ikaishia pale kwenye ule mfuko. Akapiga simu pwani kwa wanaojua ugonjwa wa wazamiaji. Akanieleza kwa maneno ambayo niliyaelewa: ukijaza dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, inayochachuka, ukalifunga kule ziwani, ukalipandisha Nyaishozi, litavimba njiani. Mimi nilikuwa dumu.

Walinipeleka pwani kwa barabara, na mitungi ya oksijeni. Ndege walisema hapana, maana ndege nayo ni kupanda. Sikumbuki sana njia. Nakumbuka maziwa yakinijaa na kuniuma, Deus akiniminya kwa mikono yake ya kupalilia, anamwaga dirishani, anageuza uso ili nisione anavyolia. Mwanaume wa kwetu kufanya vile mbele ya dereva. Wapo ndugu zake ambao hawajui mpaka leo, na wakisoma hapa watajua.

Chumba cha matibabu ni tangi la chuma lililolala, lina madirisha ya duara. Wanakuingiza, wanafunga, wanaongeza shinikizo kana kwamba umerudi chini ya maji, unavuta oksijeni, halafu wanakurudisha juu polepole, polepole, kama ambavyo ilipaswa kufanyika ziwani. Mara ya kwanza kuingia nilitoka nikiwa naweza kusogeza kidole gumba cha mguu. Mara ya pili goti. Baada ya hapo ilikuwa kidogo kidogo, mara nyingine hakuna. Kijana anayekaa ndani na wagonjwa aliniuliza nimetokea ufukwe gani. Nikamwambia Karagwe. Akasema, "Dada, Karagwe kuna bahari?" Nikamwambia msimamizi wangu anasema ipo.

Ngozi ya mapaja yangu ilikufa ganzi. Siku moja nilijimwagia uji wa moto nikaendelea kuongea, mpaka jirani yangu wa kitanda alipoona malengelenge. Huyo jirani, mama wa Kizaramo aliyekuwa na kidonda cha kisukari, alinifunga khanga yake kiunoni na hakuitaka tena. Na siku mpira wa mkojo ulipotolewa nikakojoa mwenyewe, Deus alipiga simu nyumbani. Alimpigia mama yake, mama yake akamwambia mchungaji, mchungaji akashukuru ibadani. Nimetajwa madhabahuni Nyaishozi kwa kukojoa. Sioni haya. Anayeona haya hajawahi kushindwa.

Nilirudi nyumbani kahawa ikiwa kwenye mikeka. Asimwe alikuwa ameota meno, amezoea maziwa ya ng'ombe kwa bibi yake. Nikamchukua, nikampa ziwa. Akaliangalia, akaniangalia, akageuka kumtafuta bibi yake. Nilikaa chini ya migomba nikalia, na nilipomaliza nikaanza kujifunza kutembea, maana mtoto naye alikuwa anaanza. Tulikuwa wawili tunashikilia ukuta. Yeye alinishinda kwa majuma machache. Mama mkwe alikuwa anakaa na kibao chake cha kumenyea ndizi akitupima.

"Huyu anatembea vizuri," anasema. "Huyu mwingine anatembea kama mlevi wa harusi."

"Mama, shikamoo niliyokupa asubuhi naichukua tena."

"Chukua. Ila inua mguu."

Ndani ya nyumba kulikuwa na mambo mengine. Deus alichoka. Alilima, alibeba, alinipeleka kwenye mazoezi, na ndugu zake walimwambia mwanamke aliyekwenda kufanya kazi ya kiume amerudi nusu. Kuna wiki tulizungumza kwa kupitia mtoto tu: mwambie mama yako chai tayari. Injinia alikuja mara mbili na sukari na pole. Mara zote alirudia ile hadithi ya kunyonyesha, mpaka nikaona hata Deus anaanza kuinamisha kichwa anapoisikia. Hilo ndilo liliniuma kuliko mguu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kifuani mwangu siku ile ya benchi.

Shabani aliamka kwenye oksijeni maumivu ya bega yamepungua. Yeye hakuwa amepanda mlima kunyonyesha. Shabani hana hata mtoto. Alilala kambini ziwani kila siku, na bado yakampata. Nikarudi nje kuchukua fimbo yangu. Injinia alikuwa bado amesimama pale na kreti lake la soda.

"Huyu naye alikuwa ananyonyesha?" nikamuuliza.

Bibi wa nyonga alicheka kwanza, kisha foleni yote.

"Mama Asimwe, tuelewane," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe ni mwenyeji. Siku ile ulikuwepo. Mwenyeji ndiye alisema hapa ni bondeni."

"Kwa hiyo mvuvi ndiye injinia?"

Akaanza kuokota chupa tupu. Akasema kesho kazi inaendelea na watu wawili wapya, bomba linatakiwa limalizike kabla mvua hazijazidi kuchafua maji. Watu wawili wapya, na mashine zile zile. Nikajua kwamba nikikaa kimya, nitakuwa nawasubiri kwenye benchi hili.

Nyumbani nikamwambia Deus nakwenda Bukoba kwa Afisa Kazi.

"Wakisimamisha kazi, maji hayaji," akasema. "Kijiji kizima kitasema ni wewe."

"Watasema."

"Wale walikubeba kwenye engozi, Jovitha. Ndio hao wanaosubiri bomba."

Hapo alinigusa. Mama mkwe, ambaye nilidhani amelala kwenye kiti, akafungua jicho.

"Maji nimebeba kichwani tangu niko binti," akasema. "Shingo ipo bado. Waache wabebe mwezi mmoja zaidi, kuliko kubeba watoto wa watu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe mpeleke. Asikae nyuma ya pikipiki peke yake na mguu huo."

Asubuhi nilimkuta Deus amekwishavaa shati la kanisani.

Kwa mzamiaji anayesoma hapa: uliza mashine yako imeambiwa iko wapi. Usimuulize mvuvi, usiangalie kama umesimama bondeni. Ukitoka majini, usipande kilima siku hiyo. Na wewe mwenye mtoto anayenyonya, mtoto ndiye ashuke kwako. Ningeambiwa hivyo, mama mkwe angemleta Asimwe ziwani kila jioni, tena angefurahi, maana angepata na sato.

Hospitalini usingoje kuulizwa kazi yako. Itaje mlangoni.

Na hiki hapa ndicho nilichowasilisha. Nilikiandika mwenyewe, kwa mkono, Deus akasoma, hakubadilisha neno.

Kwa Afisa Kazi,
Bukoba.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MSIMAMIZI WA KAZI ZA KUZAMIA, MRADI WA MAJI, KARAGWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Jovitha, mkazi wa Nyaishozi, mzamiaji niliyeajiriwa na kampuni inayofunga mabomba ziwani. Niliumia mgongo kwa ugonjwa wa wazamiaji nikiwa kazini. Nilitibiwa pwani na sasa natembea, ingawa mguu wa kushoto ni mzito.

Nalalamika kwamba msimamizi alifuta kwenye kompyuta zetu za kuzamia mpangilio wa mwinuko, akaziacha kwenye usawa wa bahari, ili tukae majini muda mrefu. Aliona mpangilio ulikuwepo. Aliufuta mbele yangu. Baada ya mimi kuumia hakuurudisha, na mzamiaji wa pili ameumia bega. Huyo wa pili amekubali kuitwa kutoa maelezo.

Nalalamika kwamba alinipa ruhusa ya kupanda kilimani kila jioni baada ya kuzamia bila kunionya, na sasa anawaambia watu kwamba niliugua kwa sababu ya kunyonyesha. Kunyonyesha si ugonjwa wala si uzembe. Naomba maneno hayo ayafute kwa maandishi, na nakala apewe mume wangu.

Naomba mtu yeyote asishuke ziwani mpaka kila mashine ikaguliwe na mtu anayejua kazi hiyo. Najua kijiji changu kinasubiri maji. Na mimi nayasubiri. Sitaki yaje yakiwa na mtu mwingine aliyelemaa.

Naomba kuumia kwangu na kwa mwenzangu kuandikwe kwamba ni kuumia kazini.

Mwisho, daktari amenikataza kuzamia tena, na nimekubali. Lakini juu ya maji, kwenye boti, anatakiwa awepo mtu wa kukagua mashine, kushika muda, na kusema nani ashuke na nani apande. Kazi hiyo kwa sasa anaifanya mtu asiyeijua. Mimi naijua. Naiomba. Naweza kuanza Jumatatu.

Wako katika kazi,
Jovitha
Mzamiaji